Kurudi Kwenye Viunzi Baada ya Miaka ya Kimya

Tarehe 31 Julai 1980, mjini Moscow, Filbert Bayi wa Tanzania aliingia katika fainali ya mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji, akakimbia kama alivyozoea tangu ujana wake: alitoka mbele mapema na kuwalazimisha wenzake wamfukuze. Kwa sehemu kubwa ya mbio hizo walimfukuza bila mafanikio. Katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland, aliyekuwa ameitunza nguvu yake, alimfikia na kumpita. Malinowski alimaliza kwa dakika 8 na sekunde 9.70, Bayi kwa dakika 8 na sekunde 12.48, na Eshetu Tura wa Ethiopia akawa wa tatu. Ndiyo iliyokuwa medali ya kwanza ya Tanzania katika Michezo ya Olimpiki. Siku iliyofuata Suleiman Nyambui aliongeza ya pili, fedha ya mita 5000.

Jambo ambalo husahaulika katika kisa hicho ni kwamba Bayi alikuwa amerudi. Alishawahi kuruka viunzi hivyo katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 19, na hakufika fainali. Baada ya hapo dunia ilimjua kwa mbio za uwanja mtupu. Mjini Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na mwaka uliofuata mjini Kingston akaweka ile ya maili kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Mwaka 1976 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Katika miaka hiyohiyo malaria ilimrudia Bayi mara kwa mara na kuyakatiza mazoezi yake. Alipofika Moscow alikuwa na miaka 27, na karibu miaka minane ilikuwa imepita tangu viunzi vya Munich.

Kwa mhudumu wa afya, medali ile ina thamani ya pekee, kwa kuwa inaibua swali ambalo huletwa hata kwenye zahanati ya kijiji: mwili ulioacha mbio za vikwazo kwa muda mrefu unaweza kurudi, na ukirudi, ni sehemu gani yake inayotangulia na ni ipi inayobaki nyuma?

Wilayani Chamwino swali hili si geni. Makao Makuu ya Jeshi la Kujenga Taifa yapo hapo, na neno "vikwazo" kwa wengi waliopita katika makambi ya jeshi hilo lina maana ya vitu halisi: ukuta wa kupandwa, kamba, handaki, magogo ya kurukwa mtu akiwa tayari amechoka. Wengine waliruka viunzi katika michezo ya shule za sekondari. Kisha maisha yakafuata mkondo wake. Kazi ya ofisi, ujauzito, shamba la zabibu au alizeti, safari za kila siku kwenda Dodoma mjini na kurudi. Miaka 10 au 15 baadaye mtu husikia kuna mashindano, hukumbuka alivyokuwa akipaa juu ya kiunzi, na wiki hiyohiyo huanza kukimbia alfajiri kando ya barabara kuu ya Morogoro. Mtu huyo mara chache huja kliniki kabla ya kuanza. Huja wiki ya tano, akichechemea.

Ili kuelewa kwa nini ni wiki ya tano, inafaa kuanza na kile kinachopotea mtu anapoacha. Cha kwanza kupungua ni maji ya damu: ndani ya wiki mbili hadi nne ujazo wa damu huanza kushuka, moyo husukuma damu kidogo zaidi kwa kila pigo, na hivyo hulazimika kupiga haraka zaidi kwa kazi ileile. Baadaye hupungua uwezo wa misuli kuitumia oksijeni. Nguvu ya misuli hudumu kidogo zaidi, lakini nayo huisha.

Utafiti mmoja maarufu ulifanyika Dallas, Marekani, mwaka 1966. Vijana watano wenye umri wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu bila kusimama, na uwezo wao wa juu kabisa wa kutumia oksijeni ukashuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye watafiti waliwatafuta wanaume walewale watano, wakiwa sasa watu wa makamo, wengine wamenenepa. Ikaonekana kwamba wiki tatu za kitanda ziliwadhoofisha zaidi kuliko miaka 30 ya umri. Walipofanya mazoezi ya taratibu kwa miezi sita, upungufu wote ulioletwa na miaka hiyo 30 ulirudi kufidiwa. Watu watano ni wachache, na utafiti huo hauwezi kubebeshwa mzigo wa kila mtu. Hata hivyo, kwa mgonjwa wa miaka 45 anayeamini kuwa umri umemfungia mlango, ni habari inayostahili kuelezwa kwa sauti.

Tatizo ni kwamba habari hiyo njema inahusu moyo, damu na pumzi. Haihusu kano.

Kano ni kamba ngumu inayoushikiza msuli kwenye mfupa. Ile ya kisigino, na ile ya chini ya goti, ndizo hubeba mshtuko wa kuruka na kutua. Kano hupata damu kidogo na hujijenga polepole mno; mazoezi ambayo huimarisha msuli kwa wiki chache huhitaji miezi kuiimarisha kano. Mfupa una shida yake. Unapoanza kupokea mzigo mpya, mwili kwanza huondoa chembe za zamani ndipo uweke mpya, na kati ya hatua hizo mbili kuna majuma ambapo mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza. Waganga wa majeshi katika nchi nyingi wanaijua hali hii: kuruta aliyeanza vizuri hupata maumivu ya ugoko au ya unyayo katika mwezi wa kwanza au wa pili, na picha ya eksirei iliyopigwa mapema haioneshi kitu, kwa kuwa ufa ni mdogo kuliko unywele.

Kwa hiyo mkimbiaji anayerudi hudanganywa na pumzi yake mwenyewe. Katika wiki ya tano moyo umeshatulia, kifua hakimbani, na kumbukumbu ya mwili inamwambia jinsi ya kuinua goti na kuuvuta mguu wa nyuma. Anajiona amerudi. Anaongeza kasi na viunzi siku moja, na kano ya kisigino, ambayo ndiyo kwanza imeanza safari, hulipa deni hilo. Mtu aliyewahi kuwa bingwa yumo hatarini kuliko anayeanza leo, kwa sababu bingwa anajua kwenda kasi ambayo miguu yake haijaruhusiwa.

Viunzi vyenyewe havisamehe. Kiunzi cha mbio fupi kikigongwa huanguka. Cha mita 3000 hakianguki. Ni boriti nene iliyosimamishwa juu ya miguu mipana, yenye uzito wa kilo 80 hadi 100, kimo chake sentimita 91.4 kwa wanaume na 76.2 kwa wanawake. Mkimbiaji hukutana na viunzi 28 vya kawaida na mara saba hukutana na kile chenye shimo la maji mbele yake, lenye urefu wa mita 3.66. Wengi hukanyaga juu ya boriti na kujisukuma, kisha hutua kwa mguu mmoja penye maji ya kina kifupi. Uzito unaoupiga mguu huo ni mara kadhaa ya uzito wa mwili, na huupiga mara saba, kila mara misuli ikiwa imechoka zaidi. Ukuta na kamba za jeshini huhamishia mzigo huo mabegani na viwikoni, lakini kanuni ni ileile.

Mazingira ya Chamwino yanaweza kumsaidia mtu huyu, akiyatumia kwa utaratibu. Mwezi wa kwanza hauhitaji kiunzi chochote: ni kutembea haraka na kukimbia kwa zamu, kwenye udongo mgumu wa njia za kijijini, pamoja na zoezi la kupandisha visigino polepole kwenye ngazi na kuvishusha polepole zaidi, mara tatu kwa wiki. Mchanga wa makorongo, ambao wengi huupenda wakidhani ni laini kwa miguu, hulegea chini ya kisigino na kuivuta kano zaidi, kwa hiyo mwanzoni ni mahali pa kutembea tu. Mwezi wa pili gogo la kimo cha goti linatosha, na kabla ya kuliruka mtu ajifunze kutua: ashuke kutoka kwenye benchi fupi kwa miguu miwili, magoti yakikunjika bila kuingia ndani, asisikike kishindo. Kimo kamili na maji vije mwezi wa nne, au baadaye. Maumivu madogo wakati wa zoezi si sababu ya kuacha. Kipimo ni asubuhi inayofuata. Kano ikiwa ngumu na inauma kuliko jana yake, mzigo ulizidi, na siku hiyo irudishwe hatua nyuma.

Miezi minne huonekana mingi kwa mtu ambaye mashindano yake yapo baada ya wiki sita. Hapo ndipo mazungumzo magumu hufanyika, na mhudumu asiyaepuke. Kuahirisha shindano moja ni hasara ndogo. Kano ya kisigino ikikatika, huchukua kati ya miezi sita na mwaka kabla ya mtu kuruka tena, na wengine hawarudi kabisa.

Malaria inastahili nafasi yake, si kwa sababu ya Bayi peke yake. Uwanda wa kati ni mkavu, na Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo ikilinganishwa na Kanda ya Ziwa au Pwani. Neema hiyo ina mtego. Mtu aliyekulia Chamwino hana kinga kubwa. Akienda kushindana Mwanza, Geita au Tanga, vimelea humwingia huko, na homa huanza amesharudi nyumbani, wiki moja au mbili baadaye. Kwenye zahanati ya eneo lenye malaria kidogo, homa hiyo inaweza kudhaniwa kuwa uchovu wa mbio. Swali la "ulisafiri wapi mwezi uliopita?" ni jepesi kuuliza, na kipimo cha haraka hutoa jibu kwa dakika chache.

Dawa mseto zikishamaliza homa, mkimbiaji hutaka kurudi uwanjani kesho yake. Kutembea na kukimbia taratibu kunaweza kuanza pale homa imekwisha kwa siku kadhaa, hamu ya chakula imerudi na damu imepimwa. Viunzi ni jambo jingine, kwa sababu ya bandama. Kiungo hiki hukaa chini ya mbavu za kushoto, na kwa mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hakipapaswi kwa mkono. Malaria hukivimbisha, kikashuka chini ya mbavu kisikolindwa na mfupa, na kikawa laini. Kuanguka juu ya boriti isiyoanguka, au kugonga tumbo kwenye ukuta, kunaweza kukipasua na damu ikamwagikia ndani. Aliyepatwa na hali hiyo huhisi maumivu ya ubavu wa kushoto, pengine ya bega la kushoto ambalo halikuguswa na kitu, kisha kizunguzungu, jasho la baridi na mapigo ya haraka. Huyo hapewi dawa ya maumivu akapumzike. Hupelekwa hospitali mara moja. Na kabla ya kuruka tena baada ya malaria, mkono wa mganga upapase tumbo. Bandama ikiwa bado inasikika, kiunzi kingoje, hata kama ni kwa wiki kadhaa.

Kuna hatari nyingine ambayo hufika kliniki ikiwa imevaa nguo ya ugonjwa mwingine. Mtu anayefanya kwa siku moja kazi ambayo misuli yake imeisahau kwa miaka, hasa kupanda kamba, kuchuchumaa na kuruka mara nyingi mfululizo, anaweza kuvunja nyuzi za misuli kwa wingi. Maumivu ya kawaida ya misuli huzidi siku ya pili na kupungua siku ya tatu au ya nne. Haya hayapungui, misuli huvimba, na mkojo hubadilika ukawa na rangi ya chai ya rangi au ya kola. Tanzania, mkojo wenye rangi ya damu huwafanya wengi wafikirie kichocho, na mgonjwa anaweza kuondoka na dawa za kichocho wakati figo zake zinazibwa na protini ya misuli. Karatasi ya kupimia mkojo huonesha "damu" katika hali zote mbili. Tofauti huonekana kwenye darubini: katika kichocho huonekana chembe nyekundu, mara nyingi na mayai ya minyoo, katika kuvunjika kwa misuli chembe hizo ni chache sana au hazipo. Mgonjwa huyu anahitaji maji mengi ya mshipa na rufaa, na asipewe diklofenaki wala ibuprofeni, kwa sababu dawa hizo huziongezea figo mzigo. Kwa bahati mbaya ndizo dawa ambazo mkimbiaji mwenyewe hununua dukani usiku ule wa kwanza.

Wanaobeba kinasaba kimoja cha selimundu, ambao kwa kawaida hawaumwi na wengi hawajui hali yao, wamo hatarini zaidi kwa tatizo hilo wanapojilazimisha katika joto bila kupumzika. Hawakatazwi michezo. Wanahitaji kuanza polepole kuliko wengine, kunywa maji, na kusimama mara miguu inapokuwa mizito na dhaifu kwa namna isiyo ya kawaida. Mwenza au ndugu anayefanya nao mazoezi aelezwe pia, maana aliyelegea kwa namna hiyo mara nyingi huonekana kwa wenzake kuwa mvivu, akahimizwa kuendelea.

Joto la Chamwino hupanda zaidi Oktoba na Novemba, kabla ya mvua. Mwili huhitaji kati ya siku 7 na 14 za mazoezi mepesi kulizoea joto, na mazoea hayo huisha mtu akikaa wiki chache bila kujizoeza. Alfajiri ndiyo saa ya hekima. Kuhusu maji, kiu ni kiongozi mzuri kuliko kanuni za lita. Yupo anayekunywa kupita kiasi kwa hofu na kuishusha chumvi ya damu hadi kuchanganyikiwa. Uji wa uwele wenye chumvi kidogo baada ya mazoezi marefu hufanya kazi ambayo vinywaji vya bei kubwa hujisifia.

Kwa mwanamke anayerudi baada ya kujifungua, wiki 12 ndizo mwanzo unaofikiriwa wa kukimbia, siyo wa kuruka, na ni pale tu asipovuja mkojo akikohoa wala kuhisi uzito ukeni. Wengi hukaa kimya kuhusu kuvuja mkojo kwa kudhani ni sehemu ya uzazi. Mkunga akiuliza waziwazi, wataeleza, na mazoezi ya kukaza misuli ya sakafu ya nyonga huwasaidia wengi.

Uchunguzi kabla ya kuanza hauhitaji mashine kubwa. Shinikizo la damu lipimwe. Likiwa 180 kwa 110 au zaidi, mazoezi makali yasubiri matibabu. Sukari ipimwe kwa waliopita miaka 40 au wenye uzito mkubwa. Mtu aulizwe kama amewahi kuzimia akikimbia, kama kifua humbana akipanda mlima, na kama ndugu wa karibu alifariki ghafla akiwa kijana. Jibu la "ndiyo" kwa mojawapo linatosha kumpeleka hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, na Dodoma mjini si mbali. Aulizwe pia lini alichanjwa pepopunda. Swali hili husahauliwa mno, ingawa mtu anayetambaa kwenye tope la mahali ambapo ng'ombe hupita, akiwa na michubuko ya miiba ya migunga magotini, analihitaji kuliko wengi. Na kama shimo la maji limejazwa kutoka lambo, waandaaji wafikirie kichocho kabla ya kuwaingiza washiriki humo.

Siku ya mashindano, huduma ya kwanza mara nyingi huwekwa kwenye mstari wa kumalizia, karibu na meza ya wageni, penye kivuli. Wanaoanguka huanguka kwenye maji, katika mizunguko miwili ya mwisho, upande wa pili wa uwanja. Machela na muuguzi mmoja wakae hapo.